Kompyuta ya BBC na Uzao Wake

Kwa sisi tuliolala katika mabweni ya shule yetu miaka ya 1990, herufi BBC zilikuwa na maana moja tu, nayo ni redio. Jioni, kabla ya kengele ya kujisomea, aliyebahatika kuwa na redio ndogo ya betri alizungukwa na watu kumi na watano, na kelele zote zilikoma mpaka Idhaa ya Kiswahili imalize habari zake. Lakini kwa mwanafunzi wa Kiingereza wa muongo uliotangulia, BBC lilikuwa pia jina la mashine: kompyuta ya rangi ya maziwa, yenye safu ya vibonye vyekundu juu, iliyokaa mezani darasani na kuunganishwa na televisheni. Mhariri ameniomba niandike jambo la historia, na kwa kuwa najua wengine wataandika juu ya wakuu wa shule na timu za mpira, mimi nimeichagua mashine hiyo. Sababu ninayo. Mjukuu wake yumo mfukoni mwa karibu kila msomaji wa ukurasa huu.

Tukumbuke kwanza hali ilivyokuwa. Kompyuta ya miaka ya 1960 ilikuwa mali ya mabenki, majeshi na wizara. Ilijaza chumba kizima, na mtu wa kawaida hakuisogelea. Hapa kwetu Tanzania, baada ya jaribio la kuweka hesabu za serikali kwenye kompyuta kuleta matatizo, mwaka 1974 serikali ilizuia kuingiza mashine hizo nchini, na kizuizi kile kilidumu kwa miaka kadhaa. Sisi watumishi wa serikali wa siku hizi hupenda kuwacheka waliotutangulia kwa jambo hilo. Mimi siwacheki. Mashine zile zilikuwa ghali, zililipiwa kwa fedha za kigeni, na waliozielewa walihesabika kwa vidole. Ila wakati sisi tumefunga mlango, mashine yenyewe ilikuwa ikigeuka umbo huko nje: ubongo mzima wa kompyuta, yaani prosesa, uliingia ndani ya chipu moja, kipande cha silikoni kisichozidi ukucha, na bei yake ikaporomoka.

Waingereza waliliona jambo hilo wakaogopa. Mwaka 1978 televisheni ya BBC ilionyesha filamu iliyouliza watu watafanya kazi gani pindi chipu zitakapoingia viwandani na maofisini. Shirika lile halikuishia kuuliza. Liliazimia kuwafundisha watu kompyuta kwa njia ya televisheni, na kwa kuwa huwezi kumfundisha mtu kuogelea kwa kumwonyesha picha ya bahari, likataka iwepo pia mashine ambayo mtazamaji ataweza kuinunua na kufuata nayo masomo. Wenzangu mnaoshughulika na zabuni mtafurahi kusikia kwamba BBC hawakununua tu kilichokuwepo dukani. Waliandika sifa za mashine wanayoitaka: iweze hiki, iwe na kile, lugha yake ya programu iwe safi kiasi cha kumfaa mwanafunzi. Kampuni ya kwanza waliyoitegemea haikuweza kuleta mashine kwa wakati. Ndipo wakaziendea nyingine, miongoni mwao ile ya Clive Sinclair, maarufu kwa kompyuta za bei nafuu, na Acorn, kampuni ndogo ya mji wa Cambridge iliyoanzishwa mwaka 1978 na Hermann Hauser, mzaliwa wa Austria, pamoja na Chris Curry, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa Sinclair mwenyewe.

Mapema mwaka 1981 BBC wakatoa habari kwamba watafika Acorn siku ya Ijumaa kuiona mashine. Mashine haikuwepo, ilikuwapo michoro tu. Hauser akafanya hila ambayo imekuwa hadithi. Aliwapigia simu vijana wake wawili hodari, Sophie Wilson na Steve Furber, na kila mmoja akamwambia kwamba mwenzake amekwisha kubali kuwa kazi yaweza kumalizika kwa wiki moja. Wakakesha. Asubuhi ya Ijumaa yenyewe mashine ilikuwa bado maiti. Hauser akashauri ukatwe waya ulioiunganisha na mtambo waliokuwa wakiijaribia. Waya ukakatwa, mashine ikaamka. Wageni walipofika walikuta kitu kinachofanya kazi, na Acorn wakapewa mkataba.

Sasa niwaeleze kilichokuwamo ndani, maana hapo ndipo penye utamu. Prosesa yake iliitwa 6502, ikipiga mapigo milioni mbili kwa sekunde. Kumbukumbu ilikuwa kilobaiti 16 kwa mashine iliyoitwa Model A, na 32 kwa Model B. Picha moja mnayotumiana leo kwenye simu yaweza kuijaza yote ikabaki inadai nafasi. Tatizo kubwa la kompyuta ndogo za wakati ule lilikuwa kwamba prosesa na sakiti inayochora picha kwenye televisheni zote zilitaka kusoma kumbukumbu ile ile, hivyo moja ilibidi isimame kumngojea mwenziwe. Acorn walitafuta chipu za kumbukumbu ziwezazo kusomwa mara milioni nne kwa sekunde, wakazipata kwa Hitachi wa Japani, wakazigawa zamu: milioni mbili za prosesa na milioni mbili za picha. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga katika kinu kimoja; mchi mmoja ukipanda mwingine unashuka, wala haigongani. Mwendo huo lakini ulikuwa wa mwisho wa uwezo wa vifaa vya siku zile. Wilson amesimulia kwamba mashine ya majaribio ilikuwa ikiyumba mpaka mhandisi aweke kidole mahali fulani juu ya bodi, hapo ikatulia. Kwa kuwa huwezi kuuza kompyuta pamoja na kidole, wakaweka resista mahali pake.

Kila starehe ilikuwa na bei yake. Mwanafunzi aliyetaka picha safi kabisa kwenye kioo alilipa kilobaiti 20 kati ya zile 32, na mashine yenyewe ilichukua zake kwa shughuli za ndani, akabakiwa na nane na nusu za kuandikia programu. Aliyeridhika na maandishi na michoro ya vipande vikubwa alilipa kilobaiti moja tu. Hivyo mtoto wa miaka kumi na mitatu alilazimika kupanga bajeti kabla hajaandika mstari wa kwanza. Natamani maofisa wengine niliofanya nao kazi wangepitia darasa hilo.

Vipindi vya televisheni vilianza Januari 1982, na mashine zilichelewa, zikawafikia wengi baada ya masomo kuanza. Bei nayo haikuwa ndogo. Model B ilitangazwa kwa pauni 335, ikapanda hadi 399, wakati Sinclair alileta Spectrum yake Aprili 1982 kwa pauni 175 ikiwa na kumbukumbu kubwa zaidi. Nyumbani, watoto wengi walipata Spectrum. Shuleni mambo yalikuwa mengine, kwa sababu serikali ilizilipia shule nusu ya bei, na mashine ya BBC ilikuwa imeundwa kwa ajili ya vishindo vya darasani. BBC walitazamia kuuza mashine kama 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja.

Mwaka 2014 nilipelekwa Uingereza kwa kozi fupi ya utawala, na Jumamosi moja nikapanda treni kwenda Cambridge, ambako yako makumbusho ya kompyuta yanayoruhusu mgeni kugusa. Niliwasha Model B. Ilitoa mlio wa ngazi mbili, kioo kikaandika "BBC Computer 32K", chini yake "BASIC", na chini kabisa alama moja ya mshale ikingoja. Hakuna picha za kubonyeza wala menyu. Mashine imekaa kimya kama mwalimu aliyeuliza swali, na wewe ndiwe wa kusema. Pembeni kilikuwapo kitabu chake cha maelezo kilichoandikwa na John Coll, zaidi ya kurasa 500, nacho hakikuishia kueleza namna ya kuwasha na kuzima. Kilieleza lugha ya BASIC amri kwa amri, kilionyesha kila sehemu ya kumbukumbu ina kazi gani, na namna ya kuzungumza na prosesa kwa lugha yake yenyewe katikati ya programu ya kawaida. Nilisimama pale nusu saa nikikisoma, mpaka mtoto mmoja aliyekuwa nyuma yangu akaanza kukohoa.

Uwazi huo haukuwa wa kitabuni tu. Geuza mashine na utaona tumboni safu ya matundu: la printa, la diski, la vifaa ambavyo mwanafunzi angebuni mwenyewe, na moja lililoitwa Tube, la kupachikia prosesa ya pili. Hilo la mwisho lilitokana na ubishi. Ndani ya Acorn wengine walitaka prosesa ya bei ndogo na wengine walitaka kubwa zaidi, wakapatana kuweka ndogo na kuacha mlango kwa kubwa. Katika mambo yote waliyoyafanya, huo mlango ndio uliozaa makuu.

Maana ilipofika mwaka 1983 Acorn walianza kutafuta prosesa ya mashine itakayofuata, wakazijaribu zilizokuwa sokoni wasiridhike nazo. Wilson na Furber wakasafiri hadi Phoenix, Arizona, kuwatembelea watengenezaji wa toleo jipya la 6502. Walitarajia majengo makubwa. Walikuta nyumba ya kawaida na watu wachache, wengine wanafunzi, wakichora chipu. Wakarudi wakisema, kama hawa wanaweza, na sisi tunaweza. Wilson akabuni amri za prosesa mpya, Furber akabuni umbile lake, na mfano wa kwanza wa kuijaribia aliuandika kwa BASIC ya mashine ile ile ya BBC, mistari 808. Walitaka chipu iingie katika kasha la plastiki, kwa sababu la kauri lilikuwa ghali, na plastiki haivumilii joto. Kwa hiyo ilibidi itumie umeme usiofika wati moja. Kwa kuwa hawakuwa na vyombo vizuri vya kukadiria, walibana kila mahali.

Chipu ilifika tarehe 26 Aprili 1985, ikapachikwa kwenye mashine ya BBC kupitia Tube, ikafanya kazi siku hiyo hiyo. Furber alipopima umeme inaotumia, kipimo kilisoma sifuri. Kumbe waya wa umeme wa chipu ulikuwa haujaunganishwa kabisa, nayo ilikuwa ikiishi kwa umeme mdogo uliopenya kutoka katika nyaya za ishara. Waliiita ARM.

Wakati huo Acorn ilikuwa hoi kwa madeni, na mwaka huo huo wa 1985 Olivetti wa Italia waliinunua sehemu kubwa. ARM ikatengwa kuwa kampuni yake mwaka 1990, kwa ushirika na Apple na VLSI. Kisha zikaja simu za mkononi, na mtengenezaji wa simu hatafuti prosesa yenye mabavu. Anatafuta isiyomaliza betri. Nokia 6110 ya mwaka 1997 ilikuwa na ARM ndani yake. Leo karibu kila simu ya mkononi inayo. Kila anayetuma fedha kijijini kwa simu, hesabu ile inapita katika ubahili wa wale vijana wa Cambridge waliokwepa bei ya kauri.

Kinachonisumbua ni kwamba mjukuu hakurithi tabia ya babu. Simu ina nguvu mara maelfu kuliko Model B, lakini ukiiwasha haikungoji useme. Imekwisha kujipangia la kukuonyesha. Haina kitabu cha kurasa 500. Wadogo zetu mlioko madarasani sasa mnaishika mashine ambayo sisi hatukuwahi hata kuiota, nanyi mmezuiliwa chumba kile ambacho mtoto wa Kiingereza wa mwaka 1982 alikabidhiwa ufunguo wake.

Hata hivyo dirisha lipo. Liko toleo la BBC BASIC la bure linaloweza kuwekwa katika simu za Android. Liweke, kisha andika hivi:

10 PRINT "NIMEFIKA"
20 GOTO 10
RUN

Neno litajaza kioo, liendelee kushuka bila kikomo. Ukiweza kulisimamisha, badili mstari wa 20 usomeke IF RND(100) > 1 GOTO 10, uone mashine inavyoamua yenyewe lini inyamaze.