Tetemeko Moja, Mitaa Miwili

Kuna ramani ya San Francisco ya mwaka wa 1908 ambayo ningetaka kila mtu anayenunua ploti aione. Haionyeshi barabara za kukufikisha kazini. Inaonyesha mtikisiko. Jiji limegawanywa katika madaraja matano, A hadi E, kuanzia mahali palipotikiswa vibaya mno hadi mahali palipoguswa tu.

Tetemeko lenyewe lilipiga alfajiri ya tarehe 18 Aprili 1906. Ukubwa wake unakadiriwa kuwa 7.9. Kisha moto ukashika na kula jiji kwa siku tatu. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 3,000 walikufa. Wakubwa wa jiji na wafanyabiashara walipenda kusimulia moto kuliko tetemeko, na si ngumu kuelewa mbona. Mji wowote unaweza kuungua, na bima ya moto ililipa. Lakini ukikubali kwamba shida ni ardhi, nani ataleta pesa zake hapo?

Wanasayansi hawakufuata mkondo huo. Chini ya Andrew Lawson waliunda tume, na kijana mmoja, Harry Wood, akapewa kuchunguza jiji lenyewe. Alipoweka uharibifu kwenye ramani, mambo yakajipanga. Nyumba za vilimani, juu ya mwamba, zilisimama. Za bondeni, umbali wa kutembea tu, zililala chini. Mistari ya maafa ilifuata vitu ambavyo macho hayangeviona tena: kijito kilichofukiwa, vinamasi vilivyojazwa, na ufuo wa zamani ambako meli za waliokimbilia dhahabu mwaka wa 1849 ziliachwa zikazikwa chini ya mitaa. Jiji lilikuwa limesahau maji yake, udongo haukusahau.

Sababu yake unaweza kuipima jikoni. Weka jiwe na bakuli la uji mzito juu ya meza moja, kisha gonga meza. Jiwe litatikisika kidogo tu, uji utayumba na kuendelea kuyumba. Mawimbi ya tetemeko yakitoka kwenye mwamba na kuingia kwenye tope, hupunguza mwendo, na kimo chake huongezeka. Mchanga uliolegea na kujaa maji una balaa la pili: ukitikiswa sana, hupoteza nguvu na kuwa kama uji kweli.

Sasa sikia kilichofuata. Jiji lilitaka kuonyesha ulimwengu kwamba limepona, likaandaa maonyesho makubwa ya 1915. Ili kupata uwanja, mwaka wa 1912 walijaza kidimbwi cha ufuo wa kaskazini kwa mchanga uliofyonzwa kutoka chini ya ghuba. Ramani ya Wood ilikuwa na miaka minne tu! Maonyesho yakaisha, mabanda yakabomolewa, nyumba zikapanda. Mtaa ukaitwa Marina, na wenye pesa wakahamia.

Onyo lilirudi tena. Mwaka wa 1970 mwanasayansi Roger Borcherdt alichapisha vipimo vya mitikisiko midogo iliyofika San Francisco kutoka kwa majaribio ya mabomu ya nyuklia huko Nevada. Tope la ghuba lilikuza mtikisiko ule kuliko mwamba. Miaka mitano baadaye kukawa na ramani mpya.

Tarehe 17 Oktoba 1989 tetemeko la 6.9 lilianzia milimani, karibu kilomita 100 kutoka jijini. Marina, mbali hivyo, mchanga ulitapika maji, ghorofa zenye gereji chini zikaporomoka, na moto ukawaka. Upande wa pili wa ghuba, Oakland, barabara ya juu ya Cypress ilianguka pale iliposimama juu ya tope. Sehemu iliyokuwa kwenye udongo mgumu ilibaki. Kati ya watu 63 waliokufa siku hiyo, 42 walikuwa hapo. Mwaka uliofuata California ikapitisha sheria ya kuchora maeneo ya hatari, na muuzaji wa nyumba iliyo ndani yake lazima amwambie mnunuzi.

Kwa nini hadithi hii inanikaa moyoni mimi Mkenya? Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lilipasua ardhi Subukia. Ukubwa wake ulikuwa 6.9, kama lile la Marina. Wakati huo ghorofa zilikuwa chache sana Bonde la Ufa. Leo jirani yake ni Nakuru, jiji tangu 2021, lililokaa juu ya majivu ya volkeno na mashapo ya ziwa.

Kupima si uchawi. Unagonga bamba la chuma kwa nyundo, vipokezi vilivyopangwa ardhini vinarekodi, unapata kasi ya mawimbi katika mita 30 za juu. Ikiwa chini ya mita 180 kwa sekunde, huo ni udongo laini, na fundi anayejenga ghorofa sita anapaswa kujua kabla ya kumwaga zege ya kwanza.

Sisi tukienda kuona keja huuliza kama maji yapo, kama tokeni ni za kila mtu, kama landilodi ni msumbufu. Sijawahi kusikia mtu akiuliza nyumba imesimama juu ya nini. Wanunuzi wa Marina pia hawakuuliza, na jibu lilikuwa limechapishwa tangu 1908.