Dari Ibebayo na Dari Ibebwayo

Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, dari ilikuwa boriti za mikoko zilizobeba mawe ya matumbawe na chokaa. Watu waliweza kuishi juu yake. Neno hilo likaenea bara. Neno "umeme" nalo, lililotaja mwako wa radi, likapewa kazi ya nguvu ipitayo katika nyaya.

Leo maneno hayo hukutana ofisini. Huko Bugarama, ambako mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, fundi akiambiwa "funga soketi darini", yampasa aulize: dari ipi? Dari ya bodi iliyoning'inizwa kwa waya haibebi, yabebwa. Kisanduku cha soketi hakina budi kushikizwa kwenye zege au boriti iliyo juu, ama kwenye fremu iliyoimarishwa, wala si kwenye bodi tupu.

Hivyo basi, mfasiri na aandike "dari ya kuning'inia", na ataje mahali pa kushikizia. Istilahi isiyotenganisha kibebacho na kibebwacho huweza kumwangushia mtu soketi yenye umeme kichwani.