Ngalawa ya Kunduchi na ugomvi wa New York

Mwaka 2026 inatimia miaka 150 tangu Nathanael Herreshoff, kijana wa miaka 28 kutoka Bristol, Rhode Island, aliposhinda mbio za matanga New York kisha akapokonywa ushindi, kwa sababu chombo chake kilikuwa na viwiliwili viwili. Wapenzi wa mbio za bahari wa Ulaya na Marekani huihesabu Juni 1876 kuwa chimbuko la katamarani za mashindano. Mkazi wa Kunduchi, Ununio au Mbweni, pwani ya Dar es Salaam, ana haki ya kuuliza: chimbuko kwa nani?

Tuitazame ngalawa. Fundi huchonga gogo la mwembe kwa shoka na tezo mpaka lipate tumbo jembamba, akaongeza mbao ubavuni. Juu yake hulaza mirengu miwili, yaani miti ya kukingama, na kila upande huning'iniza ndubi. Viungo hivyo hufungwa kwa kamba, ili wimbi likipiga vilegee kidogo badala ya kuvunjika. Chombo hakibebi farumi, kwa kuwa kinasimama kwa upana wake. Na ndubi zetu ni mbao bapa zilizolazwa mshazari: ngalawa ikishika kasi, maji huusukuma juu ubao wa upande inakolalia. Tanga la zamani lilikuwa la marikani, kitambaa cha pamba ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta Zanzibar, kutoka pwani ileile ya akina Herreshoff.

Aliyetuachia maandishi mazito juu ya ngalawa ni James Hornell, Mwingereza aliyewahi kuwa mkurugenzi wa uvuvi Madras. Mwaka 1934 aliandika kwamba umbo hili lililetwa na mabaharia wa visiwa vya Indonesia, ndugu wa wale waliohamia Madagaska. Kufanana peke yake hakuthibitishi nasaba, lakini ndubi mbili hazionekani katika kila pwani ya dunia, na kwa hilo namwamini Hornell. Ninachokiongeza ni kwamba ndubi za Indonesia kwa kawaida ni mianzi inayoelea. Ubao wa mshazari ni akili ya mafundi wa huku.

Sasa turudi New York. Marekani ilikuwa inaadhimisha miaka 100 ya uhuru, na vyombo vilivyotamba majini vilikuwa mashua pana zenye matanga makubwa kupita kiasi. Ili zisipinduke, mabaharia walirusha magunia ya mchanga kutoka ubavu mmoja hadi mwingine kila mashua ilipogeuka. Kazi ya punda! Herreshoff alikuja na Amaryllis, viwiliwili viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa viungo vinavyocheza, bila hata gunia moja. Upepo ulipokolea akawapita wote. Walioshindwa walikimbilia kwa waamuzi kulalamika kwamba kile si chombo halali cha mashindano, na waamuzi wakakubali. Zawadi akapewa mwingine, na vilabu vikavifungia mlango vyombo vya namna ile. Herreshoff alipata hataza mwaka 1877, lakini jina kubwa alilipata baadaye, kwa kubuni mashua za mkuku mzito zilizotetea Kombe la Amerika la mbio za matanga. Kwangu hiyo ni dhuluma: alihukumiwa kwa umbo, wala hakuna aliyesema hakuwa na mbio.

Ugomvi ulifufuka mwaka 1988. Dennis Conner alitetea kombe hilohilo kwa katamarani dhidi ya mashua kubwa mno ya New Zealand, akashinda, na kesi ikazunguka mahakamani New York hadi 1990.

Kisha vikaja vyombo vikubwa kweli. Tarehe 31 Desemba 2000 katamarani za kaboni zilitoka Barcelona kushindana kuizunguka dunia bila kutia nanga, na Club Med ikamaliza kwa siku 62. Team Philips, iliyokuwa imeandaliwa kwa mbio hizo, ilimeguka omo ikijaribiwa Machi mwaka huo, na mnamo Desemba mabaharia wake waliitelekeza Atlantiki. Januari 2017 IDEC Sport, chombo chenye kiwiliwili kimoja na maboya mawili, yaani mpangilio wa ngalawa, kilimaliza kuizunguka dunia kwa siku 40 na saa 23, kikisaidiwa na mabawa ya mshazari yanayokinyanyua kwenye maji.

Sisi je? Serikali inawakopesha wavuvi boti za faiba, na si vibaya, bahari imewachosha. Lakini miembe minene ya Boko na Bunju inakatwa kupisha viwanja, na vijana wa Mbwamaji na Kimbiji hawana sababu ya kujifunza tezo ikiwa hakuna anayeagiza ngalawa. Chuo cha Bahari, DMI, kiko hapahapa jijini. Kuipima ngalawa moja toka omo hadi tezi, na kuchora pembe ya kila ndubi, hakuhitaji mfadhili wa nje. Kunahitaji futi, daftari, na fundi anayelipwa ujira wa siku zake.