MWENYE JINA LA BARABARA

Ukipanda matatu ya 46 kutoka Kawangware kwenda tao, unapita Hurlingham kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Jina hilo tunalitaja kila siku. Je, mwenyewe tunamjua?

Clement Argwings-Kodhek alizaliwa Gem, Nyanza. Alisomea sheria Uingereza, akarudi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika wa Kenya. Serikali ya mkoloni ikampa kazi kwa mshahara mdogo kuliko wa Mzungu wa kazi hiyo hiyo. Akaiacha, akafungua ofisi yake.

Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Kupatikana na risasi moja tu kungeweza kukupeleka kitanzini. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa. Katika hofu hiyo, Kodhek alisimama kortini kuwatetea washukiwa wa Mau Mau. Wengi wao walikuwa Wakikuyu. Yeye alikuwa Mjaluo. Hakushika bunduki. Silaha yake ilikuwa sheria na mdomo wake.

Akaingia siasa, akaanzisha chama cha Waafrika wa Nairobi. Mwaka 1957 alishindwa na Tom Mboya katika uchaguzi, lakini hakuacha kutumikia. Baada ya uhuru akawa waziri. Alifariki Januari 1969 akiwa Waziri wa Mambo ya Nje. Serikali ilisema ni ajali ya barabarani. Miezi michache baadaye, Julai, Mboya naye akapigwa risasi mjini. Washindani wawili, mwaka mmoja, taifa likalia.

Wapendwa, sisi wa Riruta tuko jirani na Kawangware. Mwaka 2017 tuliona maduka yakichomwa kwa sababu ya kura na kabila. Wengine wetu tulijua ukweli, tukafunga mlango na kunyamaza kwa sababu aliyeumizwa hakuwa "wa kwetu."

Soma Mithali 31:8-9. Neno halikusema tumtetee wa lugha yetu peke yake.

Wiki hii, kuna jirani anayesingiziwa? Kuna mjane anayefukuzwa plotini? Kijana aliyeshikwa bure? Usiulize anatoka wapi. Nenda naye.

Baba, tupe ujasiri wa kumsemea asiye na sauti, hata kama si wa nyumbani kwetu. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA.