Kazi ya Kutazama: Historia Fupi ya Menyu za Simu, Kutoka Kamembe

Historia ya simu katika Afrika Mashariki huandikwa kwa tarehe za uzinduzi. Machi 2007, M-Pesa nchini Kenya. Mwaka 2010, Mobile Money ya MTN hapa Rwanda. Mwaka 2012, M-Pesa ikafika ng'ambo ya mto, Kongo. Hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, na mwanahistoria anaandika mwaka. Katika insha hii nataka kuwaandika watu wasioonekana kwenye picha hizo: wale waliokaa kando ya mtumiaji, kimya, wakimtazama anavyobonyeza. Siku hizi kazi yao ina jina refu, ubunifu wa uzoefu wa mtumiaji. Kwa maneno mepesi, ni kukipanga kitu ili atakayekitumia asikwame; na njia ya kujua atakwama wapi ni kumtazama.

Nina sababu ya kulichagua jambo hili. Dada yangu anaifanya kazi hiyo hapa Kamembe, peke yake, bila mwajiri. Karibu wateja wake wote wako tayari kulipia mchoro wa mwisho, ile sura ya programu inayoonekana kwenye kioo cha simu, lakini hawataki kulipia siku za kutazama zinazoutangulia. Humwuliza: kutazama watu nako ni kazi? Wafanyabiashara ni watu wa hesabu, na swali lao linastahili jibu la hesabu.

Nianze na kitu ambacho kila mmoja wetu anakishika. Kwenye meza ya wakala yeyote kando ya barabara inayoteremka kutoka Kamembe kwenda mpakani, chini ya mwavuli, kuna simu na kikokotoo. Vitazame kwa makini. Kwenye simu, safu ya juu ni 1, 2, 3. Kwenye kikokotoo, safu ya juu ni 7, 8, 9. Vidole vya wakala vinahama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine mara mia kwa siku, naye hana habari. Mpangilio wa simu haukuanguka kutoka mbinguni. Ulitoka katika maabara za Bell nchini Marekani, ambako mwaka 1945 aliajiriwa John Karlin, mtu aliyezaliwa Johannesburg, akawa mwanasaikolojia mtafiti wa kwanza wa maabara hizo. Yeye na wenzake waliwapa watu wa kawaida vibao vyenye mipangilio mingi tofauti, ya mraba, ya duara, ya mistari, wakahesabu kasi na makosa. Simu ya vibonyezo ilipoanza kuuzwa mwaka 1963, ilikuja na mpangilio uliotokana na hesabu hiyo. Alama za nyota na reli, * na #, ziliongezwa mwaka 1968.

Karlin huyu alikuwa na vituko vyake. Ili kujua waya wa simu unapaswa kuwa na urefu gani, alikuwa akiwapunguzia wenzake waya ofisini kwa siri, inchi moja baada ya nyingine. Walichelewa sana kugundua. Karibu futi nzima ilikuwa imekwisha kukatwa. Nakipenda kisa hiki kwa sababu angeweza kuwauliza tu, "Mnataka waya mrefu kiasi gani?" Wangempa jibu, na jibu hilo lisingemsaidia.

Kesi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Kenya, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu M-Pesa inasifiwa sana kwa jambo ambalo silo. Tunaambiwa ni werevu wa kiteknolojia. Teknolojia yenyewe ilikuwa ya kawaida: menyu iliyowekwa ndani ya laini, na ujumbe mfupi wenye ulinzi. Wazo la Nick Hughes wa Vodafone, lililopata fedha za ushindani kutoka idara ya serikali ya Uingereza ya maendeleo ya kimataifa, halikuwa hata la kutumiana pesa. Lilikuwa la kurejesha mikopo midogo. Mwaka 2005 Susie Lonie alipelekwa Kenya kulisimamia. Oktoba mwaka huo majaribio yakaanza Nairobi na Thika pamoja na Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kwa mawakala wachache na wateja mamia kadhaa. Mteja angelipa rejesho lake kwa simu badala ya kubeba fedha taslimu hadi kwenye kikao cha kikundi.

Wateja wakafanya yao. Baadhi walimlipia mwenzao rejesho, naye akawafanyia kazi kama malipo. Wenye biashara wakaanza kulipana wao kwa wao. Wengine waliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, kwa kuwa benki zilikuwa zimefungwa na duka la wakala lilikuwa wazi. Simu ikawa kasha la kulazia fedha. Waliosafiri kati ya maeneo ya majaribio waliweka pesa mwanzo wa safari na kuzitoa mwisho wake, ili mwizi wa njiani asipate kitu. Tena wako waliokuwa wakinunua muda wa maongezi kupitia huduma hiyo na kuwatumia jamaa zao kijijini. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa limeandikwa kwenye mpango wa mradi.

Kwa msimamizi wa kawaida, huo ungekuwa utovu wa nidhamu: watu wanatumia kitu vibaya. Lonie na wenzake waliyaandika hayo yote, na baadaye yeye na Hughes wakayachapisha. Huduma iliyozinduliwa Machi 2007 haikuwa tena ya kurejesha mikopo. Ilikuwa nyepesi zaidi, na tangazo lake lilikuwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Ukiniuliza M-Pesa ilibuniwa wapi, nitasema ilibuniwa kwenye makaunta ya Nairobi na Thika, na watu waliodhaniwa kuwa wanakosea.

Rwanda ilipoanza, njia ilikuwa nyingine. Wengi wetu hapa hatukuizoea menyu iliyolala ndani ya laini. Tuliizoea ile inayoitwa kwa msimbo. Unabonyeza *182#, menyu inakuja, unachagua namba, inakuja nyingine. Msimbo wa namna hii hutumia mfumo wa USSD, na ujumbe mmoja wa USSD hauzidi herufi 182. Msomaji wa Rwanda atatabasamu kuona namba hiyo, lakini mbunifu hatabasamu. Herufi 182, nafasi zikihesabiwa, ndicho kiwanja chote alichopewa. Kinyarwanda kina maneno marefu, Kiswahili nacho hakiko mbali. Neno moja likizidi, chaguo la mwisho linasukumwa ukurasa wa pili, na kwa mtu asiyesoma vizuri ukurasa wa pili haupo. Isitoshe, ukikawia kujibu kikao kinakatika, unaanza upya. Mwenye kusoma polepole anaadhibiwa kwa kusoma polepole.

Ni nani basi aliyeziba pengo hilo? Wakala. Nimekaa siku nyingi kwenye benchi la jirani yetu mmoja mwenye fulana ya njano, na ninayoyaeleza hapa nimeyaona kwa macho. Mama anayetoka kuuza mboga Bukavu hafungui menyu. Anampa wakala simu, anasema, "Mwanangu, nitumie elfu tano kwa mwanafunzi wangu." Wakala anabonyeza upesi bila kusoma, kwa kuwa menyu iko vidoleni mwake. Inapofika namba ya siri anairudisha simu, na mama mara nyingi anainama na kumnong'oneza namba hiyo. Makampuni yote husema usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Yeye anajua. Ila akikosea mara kadhaa akaunti inafungwa, na pesa ya mtaji wa kesho imo ndani. Kati ya hatari mbili amechagua ile yenye uso anaoufahamu.

Hapo ndipo swali la kubuni linapoacha kuwa suala la rangi na vitufe. Mama yule amekabidhi akiba yake kwa kijana wa mwavulini kwa sababu menyu haikumpa nafasi. Wengi wa vijana hawa ni waaminifu, na ndiyo maana mfumo unasimama. Lakini uaminifu wao hauko kwenye mkataba wala kwenye kamisheni. Kila siku wanafanya kazi ya mbunifu, yaani kumvusha mtu pale alipokwama, bila yeyote kuwauliza wameona nini.

Nao wameona mengi, hasa hapa mpakani. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Kamembe hatukusubiri sheria. Bukavu iko pale, unaiona kutoka kilimani. Kwenye benchi lile menyu husomwa kwa Kinyarwanda na kuelezwa kwa Kiswahili. Wafanyabiashara wengi wana laini mbili, ya Rwanda na ya Kongo, na vichwani mwao kuna sarafu tatu: faranga za Rwanda, faranga za Kongo na dola. Menyu inajua moja tu. Machi 2020, wakati wa korona, Benki Kuu ya Rwanda ilipotangaza kuondolewa kwa ada za kutuma pesa kwa simu kwa miezi mitatu, watu ambao hawakuwahi kujibonyezea walilazimika kujifunza ghafla. Somo hilo halikutolewa na bango. Walifundishana, mtoto akimfundisha mama, kwa wimbo wa namba: moja, moja, andika namba, subiri. Walijifunza njia kwa kuhesabu hatua, kama mtu anayetembea nyumbani kwake gizani. Ndiyo maana kampuni ikihamisha mstari mmoja tu wa menyu, hata kwa nia njema, kuna watu wanapotea.

Sasa nirudi kwenye hesabu ya wateja wa dada yangu. Ni kweli kwamba kutazama kumeleta faida kubwa, kibao cha Bell na M-Pesa vinashuhudia. Lakini mwanafunzi wa historia lazima aulize pia nani alilipa. Bell ilikuwa mali ya kampuni iliyokaribia kumiliki simu zote za Marekani. Ilikuwa na fedha za kumwajiri mtu wa kukata waya za wenzake. Majaribio ya Thika yalitumia karibu pauni milioni 1 za walipa kodi wa Uingereza, na Vodafone ikachangia sehemu yake. Duka la Kamembe halina pauni milioni. Hapa gharama ya kutazama haijafutika. Imehamishiwa kwa wakala na kwa mama wa mboga, wanaoilipa kwa muda wao na kwa siri zao. Kwa hiyo mteja anayesema "sina hela ya kutazama" hadanganyi. Anachosahau ni kwamba kuna mwingine anayelipa badala yake.

Dada yangu amejibu kwa kupunguza kipimo. Katika karatasi anayowapa wateja, ameandika huduma zake kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili, nami nilimsaidia kwa Kiswahili. Hakuandika majina makubwa. Ameandika kwamba atakaa dukani kwako asubuhi mbili; atazungumza na wanunuzi watano; atachora menyu kwa kalamu kwenye karatasi na kuwapa waibonyeze kwa kidole kabla ya fundi wa programu kuandika mstari wowote; kisha atakuletea michoro safi. Asubuhi mbili ameziweka juu kabisa, na bei yake pembeni, ili mtu akitaka kuzikata aone anakata nini.

Mmoja alizikata. Ni muuza mayai wa jumla, na wanunuzi wake wengi hupeleka mayai Bukavu. Alitaka programu ya kuagizia. Dada alikuwa ameshakaa ghalani asubuhi zile mbili kabla ya bei kukubaliwa, akamkuta kila mnunuzi akisema trei: trei nne, trei kumi. Hakuna aliyetaja yai moja. Wengi walikuwa wakibipu na kungoja kupigiwa, kwa kuwa simu ni ya nyumba nzima na vocha ni ya jioni. Mchoro wa kwanza wa mteja mwenyewe ulikuwa na kisanduku cha "idadi ya mayai", na mnunuzi wa trei kumi angelazimika kupiga hesabu ya 300 akiwa amesimama na mzigo kichwani. Kwenye mchoro wa dada, kisanduku hicho kilikuwa kimeondoka, na kitufe kikubwa cha juu kilikuwa "Nipigie".

Hati ya malipo iliporudi, asubuhi mbili zilikuwa zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Michoro ilikuwa imekubaliwa yote, pamoja na neno trei.