Kijana na Vazi Lake Katika Picha

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin ilipiga marufuku sketi fupi nchini Uganda. Urefu wa nguo ukawa kipimo cha mwenendo wa msichana. Kipimo hicho hakijazikwa. Huko Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwaka 1958, ambako Kiswahili husikika sokoni, mwanafunzi wangu alichora kijana mmoja mara mbili: kwanza amevaa fulana ya mtumba iliyochanika, kisha shati jeupe na tai. Tulipozipeleka picha Mbarara mjini, watazamaji walimwita wa kwanza mhuni, wa pili mwanachuo. (Ndugu walimu, nomino hizo zilitoka kwenye kitambaa, maana uso ni ule ule.) Mchoraji alisimama kando, kimya. Alikuwa amejichora mwenyewe, na hakuna aliyemtambua.