Madaftari ya Gombe: Miaka Sitini ya Kuwafuata Sokwe

Masimulizi mengi ya Gombe huanzia kwenye kichuguu. Novemba 1960, miezi michache tangu afike Gombe, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma, mtafiti Jane Goodall alimwona sokwe dume aliyempa jina la David Greybeard akichomeka bua la nyasi ndani ya kichuguu na kuvua mchwa. Habari zilienea upesi, kwa sababu wataalamu wa wakati huo waliamini kuwa binadamu peke yake ndiye hutengeneza zana. Mimi naona jambo kubwa zaidi la Gombe ni lile lisilopigiwa mbiu: sokwe walewale walifuatwa siku baada ya siku, tangu wakinyonya hadi wazeeke, na kila walichofanya kikaandikwa.

Sokwe hakui haraka. Hunyonya miaka minne au mitano, na jike hupita umri wa miaka kumi kabla ya kuzaa. Mgeni wa msimu mmoja huona wawili wakisafishana manyoya asijue kuwa ni ndugu wa tumbo moja. Mwaka 1972, jike mzee Flo alipokufa, mwanawe Flint, aliyekuwa na miaka minane, aliacha kula, akanyong'onyea, akafa wiki chache baadaye. Waliomfuata tangu utotoni walielewa. Flo alishindwa kumwachisha ziwa barabara, na Flint aliendelea kubebwa mgongoni na kulala kiota kimoja na mama yake katika umri ambao wenzake walikwisha kujitegemea.

Kazi hiyo nusura ikatike Mei 1975, waasi kutoka Zaire walipovuka ziwa usiku na kuwateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wote waliachiliwa baadaye, lakini watafiti wa nje wakaondoka. Waliobaki ni Watanzania, wengi wao vijana wa vijiji vya jirani, na wao ndio walioendelea kupanda vilima kila alfajiri na kuandika kwa Kiswahili nani yuko na nani, nani amempisha nani njiani. Vitabu vingi huwaita wasaidizi tu. Neno hilo haliwatendei haki. Mmoja wao, Hilali Matama, ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, madume wa kundi la Kasakela wakimvamia Godi, dume wa kundi la Kahama aliyekuwa akila peke yake. Walimshika chini, wakampiga na kumng'ata kwa takriban dakika kumi. Godi hakuonekana tena.

Huo ulikuwa mwanzo wa vita. Kufikia mwisho wa 1977 madume wote wa Kahama walikuwa wameuawa au kutoweka. Kilichowashtua watafiti zaidi ni kwamba wauaji na waliouawa walikuwa kundi moja miaka michache tu nyuma, wakila na kusafishana pamoja.

Kusini zaidi, kwenye milima ya Mahale, Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alikuwa ameanza utafiti wake mwaka 1965 akiongozwa na Watongwe, wenyeji wanaoujua msitu ule. Ni Nishida aliyeonyesha kwamba sokwe wana makundi yenye mipaka, na kwamba ni majike, si madume, wanaohamia kundi jingine wanapobalehe. Mahale pia ilionekana desturi ambayo Gombe haikuwapo: wawili hushikana mkono mmoja juu ya vichwa, huku mkono mwingine ukisafisha manyoya ya mwenzake.

Baadhi ya wakosoaji walidai kuwa ukatili wa Gombe ulisababishwa na ndizi ambazo watafiti walikuwa wakiwagawia sokwe. Hoja hiyo ilistahili jibu, na jibu lilihitaji miaka. Mwaka 2014 takwimu za makundi 18 ya sokwe kutoka sehemu mbalimbali za Afrika zilikusanywa pamoja, zikiwa na matukio 152 ya kuuana, na mauaji hayakuendana na kiwango cha kuingiliwa na binadamu. Miaka minne baadaye, Joseph Feldblum na wenzake walirudia kumbukumbu za Gombe za miaka ya kabla ya vita, zilizoonyesha nani alifika na nani kwenye kituo cha ndizi. Waliuona ufa ukianza kufunguka mapema mwaka 1971, wakati madume watatu wenye nguvu, Humphrey kwa upande mmoja na Charlie na Hugh kwa upande mwingine, walipokuwa wakigombea ukubwa huku majike walio tayari kupandwa wakiwa wachache.